Volkano Ikiwa Chini ya Barafu: Uzito, Maji na Majivu

Aprili 2010 ilikuwa masika kama masika mengine hapa Malindi. Mvua, bahari nyekundu kwa matope ya Sabaki, hoteli nyingi za ufukweni zimefunga, na wageni wachache waliosalia wakingoja siku yao ya kurudi Ulaya. Ghafla hapakuwa na ndege ya kurudi nayo. Kuanzia tarehe 15 anga la sehemu kubwa ya Ulaya lilifungwa kwa takriban siku sita. Safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa, na hapa Kenya maua yaliyokwisha kukatwa na kufungwa yakaozea ghalani kwa kukosa wa kuyabeba. Chanzo kilikuwa mlima mmoja wa Iceland uitwao Eyjafjallajökull, jina ambalo watangazaji wengi waliona heri waseme tu "ile volkano".

Kisichosemwa sana ni kwamba mlima huohuo ulikuwa umeshalipuka majuma matatu na ushei kabla, na dunia haikushtuka. Tarehe 20 Machi ufa ulifunguka ubavuni, mahali pasipo na barafu. Lava ikaruka juu, ikatiririka bondeni, na watu wakapanda kwa miguu na kwa magari kwenda kupiga picha. Ufa ule ukanyamaza. Tarehe 14 Aprili magma, yaani mwamba ulioyeyuka unaopanda kutoka chini ya ardhi, ikatokea kileleni, chini ya barafu yenye unene wa mita 200 hivi, na kesho yake Ulaya ikafungwa.

Ni haki kusema kwamba magma ya Aprili ilikuwa nzito zaidi na yenye gesi nyingi kuliko ile ya Machi, na baada ya siku chache za mwanzo gesi hiyo ndiyo iliyoendelea kurusha majivu. Lakini siku zile za mwanzo, zilizozaa majivu laini kupita kiasi, kazi kubwa ilifanywa na maji ya barafu iliyoyeyuka. Magma yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi ikikutana na maji, maji hugeuka mvuke, na mvuke huo ukiwa hewani huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe. Wakati huohuo magma inapoa kwa ghafla hata inapasuka kuwa chembe za kioo. Mvuke unazirusha, upepo unazichukua. Kwa hiyo majivu ya volkano hayana undugu na majivu ya jikoni: ni unga wa kioo na mawe. Ukiingia ndani ya injini ya ndege huyeyuka kwa joto la humo, kisha hugandia kwenye mapanga yake. Desemba 1989 ndege ya KLM iliingia kwenye wingu la Redoubt, volkano ya Alaska iliyovaa barafu, na injini zake zote nne zikazimika. Marubani waliweza kuziwasha tena na kutua Anchorage. Waliofunga anga mwaka 2010 walikuwa wanaijua habari hiyo.

Barafu si lazima, maji yoyote yanatosha. Wenye jamaa Ngazija, na Lamu wako wengi, watakumbuka mwaka 2005 Karthala ilipolipuka mara mbili. Mlima ule kwa kawaida humwaga lava, kama ilivyofanya mwaka 1977 ilipofika kijiji cha Singani. Mwaka 2005 magma ilikutana na maji kileleni, na badala ya lava watu wakapata majivu juu ya mapaa na ndani ya matangi ya maji ya mvua, yaani maji yao ya kunywa.

Barazani, habari hizi zikitajwa, swali huwa moja: moto na barafu vikikutana, mmoja si lazima ashindwe? Ama barafu iuzime moto, ama moto uimalize barafu. Ni swali zuri, na hesabu yake haiendi upande wowote kati ya hizo mbili. Mita moja ya ujazo ya magma ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, ina joto la kuyeyusha zaidi ya mita kumi za ujazo za barafu. Ni nyingi. Lakini Antaktika ina barafu yenye unene wa wastani wa takriban kilomita 2, na katika baadhi ya sehemu zaidi ya 4. Mlipuko unachimba shimo chini yake, barafu ya pembeni inajisogeza polepole kuliziba, na kwa juu huonekana tu kama bonde la duara lililobonyea. Kubonyea huko kuna sababu ya wazi: maji huchukua nafasi ndogo kuliko barafu iliyoyazaa, tena hayakai, hutafuta njia na kwenda zake. Wanajiolojia wa Iceland hurusha ndege kuangalia mabonde hayo, kwani mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kuonekana kwa macho kwamba huko chini kuna kitu kinawaka.

Upande wa pili, maji hayaizimi magma. Huigandisha ngozi ya nje, na ngozi hiyo inailinda ile ya ndani. Ndivyo ilivyo pia chini ya bahari kuu, ambako volkano nyingi zaidi za dunia hii zinafanya kazi bila mtu kuziona.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni uzito. Kila mita 100 za barafu zinakandamiza kilicho chini yake kwa shinikizo la karibu mara 9 ya lile la hewa tunayoishi ndani yake. Kilomita moja ni karibu mara 90. Chukua chupa ya soda iliyofungwa: gesi imo, lakini haionekani hata povu moja, kwa sababu kizibo kimeibana ndani ya maji. Barafu nene ni kizibo cha namna hiyo. Gesi iliyomo ndani ya magma inashindwa kutoka kwa fujo, na maji yaliyoizunguka magma yanashindwa kutanuka kuwa mvuke. Matokeo yake ni mlipuko usiolipuka. Magma inatoka kimya, inajivingirisha kuwa mabonge ya mviringo yaliyorundikana, ambayo wanajiolojia huyaita lava ya mito, kwa maana ya mito ya kulalia.

Lakini magma inaendelea kuyeyusha. Barafu juu yake inapungua, maji yanatoka, mzigo unashuka, na siku moja unafika mahali haubani tena. Hapo milipuko inaanza, lava inavunjikavunjika kuwa changarawe na majivu ya kioo, na mlima unarundikana ndani ya maji ya shimo lake. Mlima ukiendelea kukua mpaka utokeze juu ya maji, magma haikutani tena na maji. Inatiririka kwa amani juu ya lile rundo na kulifunika kwa lava ya kawaida. Unapata mlima wa ajabu, wenye mbavu zilizosimama wima na kilele bapa. Herðubreið wa Iceland, wenye urefu wa mita 1,682, ni mmoja wao. Wa aina hii wako pia magharibi mwa Kanada na huko Antaktika. Mpaka kati ya changarawe ya kioo na kofia ya lava unaonyesha maji yalifika wapi siku zile, na kwa hiyo mtaalamu anaweza kukadiria unene wa barafu iliyotoweka maelfu ya miaka iliyopita. Katika mambo yote ya somo hili, hilo ndilo linalonifurahisha zaidi.

Hatua hizo watu walizishuhudia mwaka 1996, chini ya Vatnajökull, barafu kubwa kuliko zote Iceland. Tarehe 29 Septemba palitokea tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa zaidi ya 5. Usiku wa tarehe 30 mitetemo ikabadilika sura, ikawa ya kuendelea bila kukatika, ishara kwamba magma imefika juu. Asubuhi ya Oktoba mosi ndege ya wataalamu ikaona barafu imebonyea. Hapakuwa na moshi wala mwanga, na chini ya pale palikuwa na zaidi ya mita 500 za barafu. Baada ya saa 30 hivi tangu kuanza, mlipuko ukapenya hadi hewani. Sehemu hiyo ikaja kuitwa Gjálp. Ulipokoma, katikati ya Oktoba, takriban kilomita 3 za ujazo za barafu zilikuwa zimekuwa maji.

Maji hayo yalikwenda wapi? Watu wa chini, kwenye tambarare la mchanga la Skeiðarársandur, waliyangoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Barabara kuu ya kisiwa inapita pale, na ina madaraja marefu. Serikali ikafunga barabara. Wafanyakazi wakachimba matuta ya ulinzi. Waandishi wa habari wakaja na kamera zao, wakangoja, wengine wakachoka wakaondoka. Maji hayakuja.

Yalikuwa yamejificha. Chini ya barafu maji hayafuati mwinuko wa ardhi peke yake, hufuata pia uzito wa barafu iliyo juu yao, kwa hiyo yanaweza hata kupanda kilima yakikimbia mahali penye barafu nene. Yale ya Gjálp yalikimbilia Grímsvötn, ziwa lililomo ndani ya kaldera, yaani shimo kubwa la kilele kilichodidimia, ya volkano nyingine jirani, lililofunikwa na barafu na kuzuiwa na barafu. Ukuta wa namna hiyo una udhaifu mmoja unaojulikana: barafu huelea. Kina cha maji nyuma yake kikikaribia sehemu tisa kwa kumi za unene wake, ukuta unaanza kunyanyuka, maji yanapita chini, na yakishapita yanaipanua njia yao wenyewe kwa joto na msuguano.

Tarehe 5 Novemba, zaidi ya mwezi mmoja baada ya mlipuko kuanza, ukuta ulinyanyuka. Kwa saa chache mto ulikua hadi kupitisha karibu mita za ujazo 50,000 kila sekunde, umebeba vipande vya barafu vyenye kimo cha ghorofa kadhaa. Daraja la Gígjukvísl, lenye urefu wa mita 376, lilitoweka. Lile la Skeiðará, refu zaidi, lilivunjwa sehemu. Katika siku mbili ilikuwa imekwisha. Hakufa mtu hata mmoja, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na walioifunga hawakukubali kuifungua kwa kuchoka kungoja. Vyuma vya daraja vilivyopindwa vimeachwa kando ya barabara mpaka leo, watalii wanapiga navyo picha.

Gharika la Katla mwaka 1918 lilikuwa kubwa zaidi, na halikungoja mtu. Katla iko chini ya barafu ya Mýrdalsjökull, na haina ziwa la kuyahifadhi maji yake. Tarehe 12 Oktoba mlipuko ulianza mchana, na baada ya saa chache maji yalikuwa tayari kwenye tambarare. Wakulima waliokuwa wakikusanya kondoo wao waliokoka kwa mbio za farasi. Makadirio ya kilele cha gharika hilo yanafika mita za ujazo 300,000 kwa sekunde, wakati Amazon, mto mkubwa kuliko yote duniani, wastani wake ni kama 200,000. Mchanga na mawe yaliyoletwa siku ile yaliisukuma pwani ndani ya bahari kwa kilomita kadhaa. Sisi wa Malindi tumezoea kuona ufuo ukipanuka kwa mchanga wa Sabaki, ila wetu unakuja kidogo kidogo, masika kwa masika.

Aliyesoma mpaka hapa anaweza kudhani mambo haya ni ya watu wa baridi peke yao. Maafa makubwa kuliko yote ya aina hii yalitokea Colombia, nyuzi 5 tu kaskazini ya ikweta. Tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz, yenye urefu wa zaidi ya mita 5,300, ilitoa mlipuko ambao kwa vipimo vya volkano ni mdogo. Ulitosha kuyeyusha takriban sehemu moja kwa kumi ya barafu ya kilele chake. Maji yakachanganyika na majivu na udongo wa mabonde, yakawa tope zito, na baada ya saa mbili na nusu hivi tope hilo likaufikia mji wa Armero usiku. Walikufa zaidi ya watu 20,000. Ramani ya hatari ilikuwa imechorwa mwezi uliotangulia, na Armero ulikuwa umewekwa ndani ya eneo la tope.

Nasi tunao mlima wetu wa moto wenye barafu, Kilimanjaro, na maji ya upande wake mmoja yanaingia mto Tsavo, kisha Galana, ambao ukifika kwetu unaitwa Sabaki. Je, tuogope? Sioni sababu. Ndani ya kasoko ya Kibo bado hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti, lakini barafu ya pale imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na kilichobaki ni mapande ya pembezoni. Wa kuhuzunikia ni barafu yenyewe.

Antaktika ni habari nyingine, kwa sababu ya ukubwa. Inayojulikana zaidi huko ni Erebus, yenye urefu wa mita 3,794. James Clark Ross aliiona ikiwaka mwaka 1841 akaipa jina la meli yake. Kileleni ina ziwa la lava ambalo limekuwapo tangu angalau 1972, na kwenye mbavu zake mvuke umechonga mapango ndani ya barafu na kujenga minara ya barafu yenye mdomo wazi. Erebus ni mpole kwa kiasi fulani kwa sababu koo lake liko wazi: joto la kasoko haliruhusu barafu ijikusanye juu ya lava. Kisiwa cha Deception, karibu na rasi ya Antaktika, hakina upole huo. Kililipuka mwaka 1967, 1969 na 1970, na mwaka 1969 maji ya barafu iliyoyeyushwa yaliteremka na tope lililokiharibu kituo cha Waingereza.

Hizo zinaonekana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichukua vipimo vya rada, ambayo mawimbi yake hupenya barafu na kurudi na sura ya mwamba, wakahesabu volkano 138 Antaktika Magharibi, na 91 kati ya hizo hazikuwa zimeorodheshwa kabla. Zamani kidogo, mwaka 2008, wengine waliripoti tabaka la majivu lililozikwa ndani ya barafu karibu na mto wa barafu wa Pine Island, kutoka kwenye mlipuko wa miaka kama 2,200 iliyopita uliopasua barafu hadi juu.

Habari ya volkano 138 ilipoenea, wapo waliorukia hitimisho: kumbe barafu ya kusini inayeyushwa na moto wa chini, hewa chafu ya viwanda imesingiziwa. Hitimisho hilo halisimami. Joto la ardhi limekuwapo pale maelfu kwa maelfu ya miaka, na barafu ilikaa nalo. Kilichobadilika katika miongo hii ni kwamba Pine Island, Thwaites na jirani zao zinapoteza barafu kwa kasi inayoongezeka, na kinachozila ni maji ya bahari yenye uvuguvugu yanayoingia chini ya ndimi zao zinazoelea. Joto la volkano linaweza kulainisha sakafu na kuongeza maji ya kuteleza, na wanaokadiria mwendo wa barafu wanalitia hesabuni, lakini halielezi kasi hii mpya. Kwa mkazi wa Lamu, ambaye maji yake ya kunywa yanalindwa na vilima vya mchanga vya Shela, tofauti hiyo ina uzito. Barafu kubwa huivuta bahari upande wake kwa nguvu ya mvutano, kwa hiyo ikipungua, bahari hushuka karibu nayo na kupanda zaidi mbali nayo. Bahari ya Hindi ni mojawapo ya sehemu zinazotarajiwa kupanda kuliko wastani endapo Antaktika Magharibi itapoteza barafu yake.

Mwendo wa kinyume ndio wenye ushahidi mzito zaidi: barafu ikiondoka, volkano huamka. Mwamba moto ulio chini sana ya Iceland uko karibu na kuyeyuka, na kinachouzuia ni shinikizo. Enzi ya barafu ilipokwisha, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mzigo mkubwa uliondoka kwa muda mfupi, na kwa kitambo kiwango cha lava iliyotoka Iceland kilipanda hadi mara 30 na zaidi ya kile cha kawaida. Leo Vatnajökull inapungua tena, na vipimo vya GPS vinaonyesha ardhi inayoizunguka ikinyanyuka, mahali pengine kwa takriban sentimita 3 kila mwaka.

Kanuni hiyo hufanya kazi hata kwa kipimo cha siku. Ziwa la Grímsvötn likimwagika, volkano iliyo chini yake inapunguziwa mzigo kwa ghafla. Mwishoni mwa Oktoba 2004 ziwa lilianza kutoka, wataalamu wakaonya kwamba huenda mlipuko ukafuata, na jioni ya Novemba mosi ukaja, kama ilivyokuwa mwaka 1922 na 1934. Desemba 2021 ziwa likamwagika tena. Tahadhari kwa ndege ikapandishwa rangi, wanasayansi wakakaa macho, na volkano haikulipuka. Mzigo ulikuwa umeondoka, lakini kupungua kwa mzigo huilipua tu magma ambayo tayari imefika karibu na juu na imeshajaa gesi. Baadaye tahadhari ikashushwa.